Maji Yameshuka, Basi Halijaondoka

Rahma, mjukuu wa dada yangu, amechaguliwa kwenda kusomea kazi ya kuongoza treni. Treni yenyewe bado, reli ndiyo kwanza inalazwa huko upande wa Suhar, lakini watoto wa Maskati washaanza kugombea viti vya kazi. Ijumaa alikuja kwangu na wenzake wawili, wamekaa ukumbini wanakula sambusa, mmoja wao akanambia, "Bibi, treni haina habari na mvua. Itapita juu ya daraja, wadi ikishuka itashuka chini yake huko. Mambo ya safari kuchelewa wakati wa baridi yamekwisha."

Nilicheka mpaka sambusa ikanipalia. Halafu nikaona si vyema kuwacheka watoto wa watu bila ya kuwaeleza kilichonichekesha, ndiyo nnaandika haya. Nyinyi mtakaokaa mbele ya skrini kuangalia treni zinavyokwenda, nisikilizeni mimi niliyekaa miaka ishirini na saba kituo cha Ruwi kuangalia mabasi yasiyokwenda. Reli siijui, sitajitia kukufundisheni. Nnataka kukwambieni vipi nilikaribia kumfukuzisha kazi Seif, dereva mzuri kuliko wote tuliokuwa nao, kwa maneno matatu niliyoyaandika kwa mkono wangu wakati wadi imeshuka, yaani bonde kavu limejaa maji ya mlimani. Na katika kutafuta kwa nini basi lake lilichelewa nikajua jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nnacheka peke yangu, kisha nnaona haya.

Kwanza kazi yenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuandika sababu. Kila basi la safari ndefu, la Sur, la Nizwa, la Buraimi, la Salala, likichelewa lilikuwa na kadi yake: jina la dereva, njia, saa ya kufika, na chini kabisa mstari mmoja wa sababu. Mimi ndiye mwenye mstari ule. Watu wakidhani kazi rahisi. Hata mimi nilidhani hivyo wiki ya kwanza, mvua iliponyesha na kadi zote nikaziandika "mvua", nikaziweka mezani kwa Mzee Khalfan, nikafungua chupa yangu ya chai.

Mzee Khalfan ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mtu wa Tabora, baba yake karani wa stesheni kule, na yeye kakulia pembezoni mwa reli. Ukimtajia treni alikuwa anasahau kula. Alizisoma kadi zangu moja moja, akavua miwani.

"Bi Zuwena, mvua ina saa ya kuripoti kazini?"

"Hapana, Mzee."

"Basi haiwezi kuchelewa. Lililochelewa ni basi. Nenda kaulize lilikuwa linafanya nini wakati mvua inanyesha."

Nikanuna, lakini nikaenda. Na hapo ndipo uchu wa kuuliza uliponiingia, haujanitoka mpaka leo, waulizeni wanangu. Basi la Buraimi, lo, halikuiona hata tone la mvua! Lilizuiwa na ngamia. Alfajiri za baridi ngamia wanapenda kulala juu ya lami kwa sababu inabaki na joto la jana, na ngamia aliyepata joto hainuki kwa honi. Dereva anashuka na kumbembeleza kama anaamsha mtoto kwenda skuli. Basi la Nizwa lilisimama mara nne njiani kwa sababu mashine ya baridi ilikwama kwenye baridi, na abiria walikuwa wakiomba washuke wakaote jua. Dereva yule alikuja dirishani kwangu kavaa shali la mke wake kichwani. Nikamuuliza kwa nini hakuizima mashine, akanambia, "Ningeizima, Bi Zuwena, kama ningejua inazimiwa wapi. Mimi miaka yote kazi yangu kuwasha."

Jambo jengine nililojifunza mapema ni kwamba mvua ya Maskati na maji ya wadi ni mambo mawili. Siku moja nilitangaza basi halitatoka, wadi imeshuka, na Ruwi jua linawaka mbingu nyeupe. Mzee mmoja wa Sidab, ana sanduku la barafu limejaa jodari anampelekea mwanawe bara, alinijia juu mbele ya watu. "We mwanamke, mvua iko wapi? Nionyeshe!" Akanishika mkono wa baibui akanitoa nje nitazame juu. Nitazame nini? Mvua ilinyesha mlimani usiku, maji yakafika barabarani asubuhi, yeye na mimi tumelala. Nilimweleza, hakukubali. Alikaa juu ya sanduku lake mpaka saa sita, na kila nikipita ananionyesha mbingu kwa kidole.

Basi tuje kwa Seif. Seif alikuwa mtu wa Amerat, mpole, hana maneno mengi, anaendesha basi la Sur kwa njia ya zamani ya bara. Barabara mpya ina madaraja, ndiyo, lakini abiria wako njia ya zamani, kwenye vijiji, na mwenye basi hufuata abiria. Katika njia ile pana pahala barabara inateremka mpaka ndani ya wadi na kupanda upande wa pili. Wameweka nguzo za kupimia maji, nyeupe chini, nyekundu juu. Maji yakigusa nyekundu, hupiti, unasubiri mpaka yashuke, yapungue. Hilo kila mtu analijua, wala hakuna anayelaumiwa.

Ila mimi, kwa ule uchu wangu, niliona kitu kwenye kadi. Wadi nyengine zote, maji yakishuka, basi huondoka baada ya robo saa. Pahala pale tu, maji yakishuka saa nne, basi huondoka saa saba. Kila mvua. Madereva wote. Mzee Khalfan wakati huo keshastaafu, ningempigia simu angeniuliza, "Umeuliza?" Nikauliza kweli. Nikampigia polisi wa barabarani wa sehemu ile, akanambia maji yanashuka na njia inafunguliwa, yeye hajui zaidi. Nikampigia mwenye gereji iliyo karibu, Muhindi mmoja mcheshi, akanambia, "Basi zima, madam. Injini zima. Tairi zima." Nikadhani labda maji yanarudi mara ya pili. Hayarudi. Kwenye skrini yangu basi lilikuwa kijidoto cha kijani, kimekaa tu pembeni mwa wadi saa tatu nzima, na kijidoto hakisemi.

Baridi ile mambo yakawa mazito. Mvua za mfululizo, malalamiko kila siku, na Jumanne moja mwanafunzi wa Sur aliyekuwa kwenye basi la Seif akakosa mtihani wake. Baba yake akapiga simu mpaka kwa mudiri, mkubwa wetu. Kesho yake asubuhi mudiri akashuka mpaka mezani kwangu, kitu asichokifanya.

"Polisi wanasema maji yameshuka saa nne. Dereva kaondoka saa saba. Nataka sababu kabla ya adhuhuri."

Sikuwa na sababu. Nilikuwa na kijidoto. Nikaona haya kumwambia bosi sijui, mimi, mama wa kuuliza. Nikachukua kalamu nikaandika: *uzembe wa dereva*. Nikatia saini. Wallahi iliniuma hata nilipokuwa naandika, lakini niliandika.

Kumbe maneno yale yana njia yake. Kadi ikenda kwa wakubwa, Seif akaondolewa kwenye usukani, akawekwa kituoni kusubiri kikao cha wiki ya pili. Kikao kikikubali uzembe, basi, haendeshi tena gari la abiria. Na mtu yule alikuwa na mke, na mama mgonjwa nyumbani, na msichana chuo kikuu. Akapewa karatasi yenye nafasi ya kujieleza. Akairudisha nafasi ile iko tupu, kaandika jina lake tu. Nikaigeuza karatasi ile, na nyuma hakuna neno. Mtu mwenye kosa hujitetea, hata kwa uwongo. Huyu kwa nini kanyamaza?

Siku nne kabla ya kikao utabiri ukasema mvua inakuja tena. Nikamwendea mudiri nikamwomba nipande basi la Sur mimi mwenyewe. Akanitazama. "Wewe? Mara ya mwisho umepanda basi lini?" Nikamwambia hilo halimo kwenye kadi. Akanipa ruhusa.

Dereva wa zamu alikuwa mwengine, kijana. Tulifika wadini saa moja asubuhi, maji mekundu kama chai ya maziwa, yanabeba makuti na gogo la mtende. Tukasimama. Mara tu injini ilipozimwa, nikawaona wanaume watatu wa kijiji, kanzu nyeupe, bakora mkononi, wanakuja mbio mbio kama waliokuwa wakitungoja. "Karibuni! Karibuni ndani! Haiwezekani!" Kisichowezekana ni mtu kukaa ndani ya basi mbele ya nyumba zao. Abiria wote tukashushwa. Wafanyakazi wa Kibangali, wanafunzi, mzee mmoja na mjukuu wake, hakubakishwa mtu. Wanaume wakapelekwa sabla, ule ukumbi wa kijiji wa kupokelea wageni, na sisi wanawake tukaingizwa nyumba ya jirani.

Mwenye nyumba alikuwa mama mnene, mchangamfu, jina lake Bi Shekha. Nilipovua viatu nikasema taratibu, "Subhanallah, matope haya!" Akageuka. "Alaa! Wewe Unguja?" Nikamwambia nimezaliwa Malindi ya huko huko Unguja, nimeletwa huku nna miaka tisa. Yeye kakulia Wete. Basi hapo tena, udugu ukaota papo hapo. Akanishika mkono akanipeleka jikoni kwake, tukae tuzungumze, wageni wengine wakaachiwa binti zake.

Sasa lazima niwaeleze watoto wa siku hizi, maana mnakula mikahawani. Mgeni kwa watu wa bara haondoki kwa saa yake. Inakuja kahawa na tende, kisha chakula, kisha matunda, halua, na kahawa tena. Mwisho kabisa kinatoka chetezo, mgeni anajifukiza udi, na moshi ule ndio ruhusa. Udi ukipita, kila mtu anainuka na kwenda zake. Usipopita hujapewa ruhusa, na kuondoka bila yake ni kumvunjia mwenyeji uso.

Saa nne na dakika kumi simu yangu ikalia. Ofisini. Maji yameshuka, njia iko wazi. Nikachungulia dirishani, kweli, hata weupe wa nguzo unaonekana mpaka chini. Basi liko kimya. Nikasema haya, ngoja nione sasa. Nikatega macho.

Bi Shekha naye akaja kuchungulia dirisha lile lile, ubavuni kwangu. Akaguna. Akamgeukia binti yake, "Hawajaondoka tu! Mwambieni baba yenu achinje mwengine. Na mchele ule wa pili upandisheni."

"Bi Shekha," nikamwambia, "chakula si tumeshakula?"

Akafunga mlango wa jiko. "Mwanangu, nakuuliza wewe kwa kuwa ni mtu wetu. Nyinyi watu wa basi mna nini? Kila mvua ikinyesha mnakuja, ahlan wa sahlan, mna haki yenu. Lakini maji yakishuka hamwendi! Sisi tunatazama, maji hakuna, watu wamekaa. Mume wangu anasema labda gari bovu, labda dereva anaogopa, si adabu kumuuliza. Tunaona haya kutoa udi, wasije wakasema tunawafukuza. Basi tunapika tena. Mbuzi wangu wamekwisha kwa basi lenu!"

Nilishika ukingo wa meza. "Bi Shekha, dereva anasubiri udi."

"Anasubiri nini?"

"Udi! Hawezi kuinuka mpaka mtoe udi. Nyinyi mnangoja aondoke, yeye anangoja mumruhusu."

Akanitumbulia macho. Kisha akakaa juu ya gunia la mchele, akaanza kucheka, kicheko cha kimya kwanza, mabega yanamtikisika, halafu akapiga ukelele, machozi yanamtoka, anajipiga mapaja. "Miaka yote hii! Uwii, mbuzi wangu mie!" Mimi nami nikavunjika mbavu. Binti zake wakaja mbio wakidhani tumeungua.

Nakwambieni, hakuna dereva ambaye angelijua lile. Dereva yuko sabla na wanaume, wanaulizana hali ya mvua na hali ya wazee, na kila mmoja anamtazama mwenzake kwa heshima. Maneno yale yalikuwa jikoni, na jikoni kampuni yetu haijawahi kumtuma mtu. Bi Shekha akaweka makaa kwenye chetezo kwa mkono wake, akatia udi wa kweli, si wa dukani, akampa mwanawe akipeleke sabla. Hazikupita dakika kumi, abiria wote wako ndani ya basi wananukia. Nilimwomba ruhusa nilieleze jambo lile kwenye kikao kwa sababu kazi ya mtu imo hatarini. Akafuta macho kwa pembe ya kanga. "Sema. Lakini usiseme tumewachelewesha. Sema tulikuwa tukiwatazamia." Akanipa na namba yake ya simu. Toka siku ile, polisi wakinambia maji yameshuka, mimi nampigia Bi Shekha, na Bi Shekha anatoa udi. Haikuandikwa kwenye kanuni yoyote, na basi la Sur halikukaa tena pale.

Nikafika kwenye kikao. Meza ndefu, mudiri katikati, Seif pembeni kavaa kilemba kipya, mikono juu ya mapaja. Nikaeleza kila kitu, kahawa mpaka chetezo. Mudiri, naye mtu wa bara, alianza kusikiliza kwa uso wa serikali, mwisho akajifunika na faili, tukaona faili linatikisika. Akamgeukia Seif. "Mbona hukuandika haya?"

Seif akasema, "Niandike nini, ustadh? Kwamba watu walitukirimu, ndiyo kosa lao? Karatasi ile ingefika kijijini kwa jina la mwenye nyumba. Mimi nimekula kwake." Akainamisha kichwa. "Bora niondoke mimi."

Mudiri akauliza, "Na aliyeandika uzembe ni nani?" Ingawa alijua, saini ilikuwa mbele yake.

"Ni mimi."

"Ulikuwa na ushahidi gani?"

"Sikuwa na ushahidi. Nilikuwa sijui, nikaona haya kusema sijui."

Seif akarudishwa kwenye usukani siku ile ile. Mimi nikapewa barua ya onyo, na nilistahili, wala sikuomba ifutwe.

Jioni nikamfuata Seif chumba cha madereva, kile kilicho chini ya ofisi yetu, nikamkuta anamimina chai. Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeshayapanga maneno, lakini yakanitoka ovyo ovyo, nikalia, mama mzima mbele ya madereva. Akanivutia kiti. Akanimiminia na mimi.

"Nimekusamehe, Bi Zuwena. Ila nnataka kukuuliza kitu."

"Uliza, Seif."

"Umemuuliza polisi. Umemuuliza Muhindi wa gereji. Umepanda basi mpaka wadini, ukaingia mpaka jikoni kwa watu. Mimi siku zote zile nilikuwa hapa, kiti hiki hiki. Karatasi sikuweza kuiambia. Wewe ningekwambia." Akasukuma kikombe mbele yangu. "Mbona hukuniuliza mimi?"